Bolti Imeshika Kutu na Mafuta Hayasaidii: Anza na Dalili

Kila fundi ana kopo la mafuta ya kupenya analoliapia. Mmoja atakutajia PB B'laster, mwingine Kroil, wa tatu atakwambia dizeli inatosha na hayo mengine ni kutupa fedha. Nimetumia karibu yote, na bolti nyingi zilizonishinda hazikunishinda kwa sababu ya jina la kwenye kopo. Zilinishinda kwa sababu mafuta hayakufika kwenye nyuzi, ile mikato inayozunguka shina la bolti, au yalifika yakakuta kilichoishika bolti si kutu.

Mafuta haya hayali kutu. Ni mafuta mepesi sana, mara nyingi yamechanganywa na kiyeyusho, na hujivuta yenyewe kwenye upenyo mwembamba kama utambi unavyovuta mafuta ya taa. Yakishaingia hulainisha. Kuipasua kutu ni kazi ya nyundo, joto na mkono wako. Na kutu ni kaidi: chuma kikigeuka kutu huvimba, hujaza nafasi mara 2 hadi 6 ya ile kilichokuwa nayo, kwa hiyo kwenye nyuzi inajibana kama kabari iliyopigwa.

"Nimenyunyizia mara tatu, haitikisiki"

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote, kwa hiyo nitakaa nalo.

*Hujaipa muda.* Dakika tano si muda. Nyunyizia, gonga, subiri dakika 15 au 20, nyunyizia tena. Iliyoshika hasa ilaze na mafuta usiku kucha, umeirudia mara mbili tatu kabla ya kufunga kazi. Kama unajua kesho utafungua ekzosti, inyunyizie leo.

*Uchafu umeziba njia.* Juu ya rangi, tope au grisi iliyokauka, mafuta yanateleza tu. Piga brashi ya waya mpaka uuone mstari ule mwembamba ambapo nati inakutana na washa, kile kipete bapa cha chini yake. Sasa weka matone mawili hapo na uinamishe kichwa utazame. Mafuta yakiingia, mng'ao wake unafifia ukingoni, chuma kinaonekana kama kinakunywa. Yakikaa juu yanang'aa vilevile baada ya dakika kadhaa, njia bado imezibwa. Rudi kwenye brashi.

*Umenyunyizia pasipo nyuzi.* Wengi wanakilowesha kichwa cha bolti, wakati nyuzi ziko upande wa pili. Bolti iliyotokeza nyuma, nyunyizia pale ncha inapotoka kwenye nati, ikiwezekana kutoka juu ili mafuta yashuke. Ila kichwa nacho usikisahau kabisa: katika kukaza bolti, karibu nusu ya nguvu yako huishia kwenye msuguano wa chini ya kichwa, na sehemu hiyo nayo hushika kutu. Bolti iliyoingia kwenye tundu lisilotokea upande wa pili ina mlango mmoja tu, hapo chini ya kichwa, na ndiyo maana inataka subira na nyundo kuliko mwenzake.

*Unaigeuza upande usio wake.* Usicheke. Pedali ya kushoto ya baiskeli, nati za baadhi ya feni na viungio vya mitungi mingi ya gesi inayowaka vina nyuzi za kushoto. Kama nyuzi zinaonekana, zitazame bolti ikiwa wima: za kawaida zinapanda kuelekea kulia, za kushoto zinapanda kuelekea kushoto.

*Mafuta yenyewe hayafai.* Nimeiweka sababu hii mwisho kwa makusudi, maana watu huanza nayo.

WD-40 ya kawaida ilitengenezwa mwaka 1953 huko San Diego, Marekani, na herufi zake zinahusu kufukuza maji, fomula ya 40. Kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuzuia kutu kwenye makombora ya Atlas. Inapenya kiasi, na kwa kutu ya juujuu inatosha. Lakini kampuni ileile inauza kopo jingine la kupenya kwenye safu yake ya Specialist, na hilo pekee linakueleza kitu.

Dizeli na mafuta ya taa ni membamba na yanapenya, ila ulainishaji wake ni hafifu. Nayapenda kwa kuloweka: nati ndogo, mnyororo, bawaba, vikae koponi siku mbili. Kwa bolti iliyo ukutani mwa injini, yanachuruzika kabla hayajafanya la maana.

Halafu kuna ule mchanganyiko wa mafuta ya gia za otomatiki na asetoni, nusu kwa nusu. Unapenya kweli. Lakini viwili hivi havipatani. Ukiuacha unajitenga, kwa hiyo utikise kila unapotaka kuutumia. Asetoni inakula rangi na plastiki nyingi, na mvuke wake unaweza kushika moto hata kwenye baridi ya karibu digrii 20 chini ya sifuri. Mahali utakapowasha tochi ya gesi baadaye, usiulete.

Oili ya injini ni nzito mno, itakaa nje. Siki na maji ya limau ni jambo tofauti: asidi inaila kutu kwelikweli, lakini inakula pia zinki na alumini. Ni ya kuloweka vipande vilivyokwisha kufunguliwa, si ya kumwagia bolti iliyo kwenye mashine.

Ukisimama mbele ya makopo mawili hujui uchague lipi, tafuta bolti mbili kuukuu zenye nati zilizoshika kwa kutu inayofanana. Zisimamishe, weka matone matatu ya kila kopo juu ya nati, uone ni lipi linatokea chini kwanza na ni lipi linaacha utelezi baada ya kiyeyusho kukauka. La pili ni muhimu kama la kwanza. Kinachopenya haraka kisha kikakauka kabisa hakijakusaidia.

Mafuta yakishindwa, panda ngazi. Kwanza nyundo: mapigo makavu, mafupi, ya wima juu ya kichwa, si ya kando. Nati igonge ubavuni huku umeegemeza nyundo nzito upande wa pili. Kisha jaribu *kuikaza* kidogo kabla ya kuifungua. Watu wanaona ni kinyume, lakini ukipata hata upana wa mstari wa penseli, kutu imekwisha kupasuka.

Baada ya hapo ni joto. Pasha nati, si bolti, ili tundu lipanuke. Nati ya chuma yenye tundu la milimita 10 ikipashwa digrii 200 zaidi, tundu linaongezeka kama milimita 0.024. Ni chini ya unene wa unywele, na mara nyingi kinachohitajika ni hicho tu. Futa mafuta yote kabla ya kuwasha moto. Mafuta mapya weka nati ikishapoa kiasi cha kutotoa moshi, na yatavutwa ndani inapoendelea kujikunja. Wapo wanaogusisha nta ya mshumaa kwenye nati ya moto ikayeyukia ndani. Inafanya kazi, ila inatoa moshi na inaweza kulipuka ndimi, kwa hiyo kitambaa chenye mafuta kisiwe karibu.

Acha moto, muite mtaalamu kama bolti iko karibu na tangi au bomba la mafuta, mfuko wa hewa wa usalama, shokamzoba, au kitu chochote kilichofungiwa gesi au shinikizo. Nati za gurudumu usizipashe tairi likiwa juu ya rimu. Joto linaweza kulipasua tairi, hata dakika kadhaa baada ya tochi kuzimwa. Bolti zilizopakwa zinki zikipata moto mkali hutoa moshi unaoleta homa. Na kama sehemu hiyo ilisafishwa kwa dawa ya kusafishia breki yenye klorini, moto ukiikuta huzaa fosjini, gesi ya sumu kali. Soma kopo.

"Spana inakwenda, nikiiachia inarudi"

Hii ndiyo dalili ya kuogopa, na ndiyo watu wanayoifurahia.

Nilipokuwa mwanagenzi nilipewa stadi nne za ekzosti, yaani bolti zisizo na kichwa, nizifungue. Tatu zilitoka. Ya nne nikaivalisha boksi spana, nikachomeka bomba la karibu mita moja kwenye mpini, nikavuta. Ikaja taratibu, laini, kama mtu anavuta mpira wa manati. Nikamwambia fundi wangu, "Hii nayo inakuja." Akasema, "Ngoja!" lakini mkono ulikuwa umeshavuta tena. Tak. Nusu ilibaki ndani ya boksi, nusu ndani ya silinda hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, na nilimaliza mchana wote nikitoboa.

Bolti inayofunguka hutoa mlio wa ghafla kisha hulegea, na ukiiachia spana inabaki ilipo. Inayojisokota inanyumbuka, na spana inarudi. Ifunze mikono yako tofauti hiyo kwenye bolti ya kutupa.

Sababu ya kwanza ni kwamba kutu imekula shina likawa jembamba katikati. Mara nyingi hutokea pale maji yanapokaa, kati ya vipande viwili. Ya pili ni mpini mrefu kuliko bolti inavyostahili. Bolti ya milimita 6 huvunjika kwa spana fupi ya kawaida, bomba la nini? Ya tatu, na ni nadra zaidi, bolti ilikazwa kupita kiasi tangu mwanzo ikawa imekwisha kuvutika.

Simama papo hapo. Rudisha ulikotoka, mafuta, nyundo, subiri. Kisha anza mchezo wa kaza kidogo, legeza kidogo, kwa nguvu ileile isiyozidi ile iliyoanza kuinyumbua. Utaona pembe inaongezeka kila mara. Isipoongezeka baada ya mizunguko kumi, ni joto. Ikiwa ni stadi ya injini, bolti ya kalipa (kile kibanio cha pedi za breki) au ya usukani, mpe mwenye vifaa. Ikikatikia humo gharama si ya bolti tena.

"Imegeuka robo mzunguko, sasa imegoma"

Sababu iliyozoeleka kuliko zote ni kutu iliyo *mbele* ya nati. Nati imeachia pale ilipokuwa, lakini inalazimika kupita juu ya nyuzi zilizokaa nje miaka, na unga wa kutu unajikusanya ndani yake. Zisafishe nyuzi hizo kwa brashi ya waya kabla ya kuanza, si baada ya kugoma. Ukishakwama: rudisha nusu ya ulichofungua, mafuta, songa mbele, rudisha tena. Mafuta yanayotoka na rangi ya kahawa ni habari njema, unga unatoka nao.

Sababu inayofuata ni ncha ya bolti iliyopondwa kwa nyundo. Ipige tupa nyuzi mbili za mwisho.

Ya mwisho ni chuma cha pua, kile kisichoshika kutu. Nati na bolti za chuma cha pua zikisuguana kwa kasi na mzigo huchanika na kulehemika zenyewe kwa zenyewe, bila kutu yoyote. Unaisikia kwa mlio wa kukwaruza, na nati inapata joto. Hapo mafuta ya kupenya yamechelewa. Acha ipoe, jaribu taratibu kwa mkono, na ikikataa ikate. Usitumie mashine ya hewa ya kufungulia nati kabisa kwenye chuma cha pua, hiyo ndiyo inayoleta maradhi haya.

"Kona za kichwa zimelika"

Angalia kipimo kwanza. Spana ya 13 inaingia kwenye kichwa cha nusu inchi, ambacho ni milimita 12.7, na inaonekana imekaa. Haijakaa. Hizo sehemu tatu za kumi za milimita ndizo zinazokula kona. Baada ya hapo, lawama inaiendea spana ya mdomo wazi, inayoshika pande mbili tu, kisha boksi ya pembe 12. Kwa bolti yenye kutu tumia ya pembe 6. Na futa mafuta kwenye kichwa na ndani ya boksi! Mafuta yanatakiwa kwenye nyuzi. Kwenye kona yanakuponza.

Ikiwa kona zimeanza tu, pigilia kwa nyundo boksi ya kipimo kidogo kinachofuata, ya inchi au ya milimita, yoyote itakayoingia kwa shida. Zikiwa zimekwisha, chonga pande mbili kwa tupa zilingane, ushike kwa koleo la kujifunga. Njia ninayoiamini kuliko zote ni ya mchomeleaji: nati mpya inawekwa juu ya kichwa kilicholika, inachomelewa kwa ndani, unapata kichwa kipya na joto la bure kwa mkupuo mmoja. Kama si mchomeleaji usijifunzie hapo, na kwenye gari betri itenganishwe kwanza.

"Haina kutu hata kidogo, ila haitoki"

Chunguza nyuzi zinazoonekana. Ukiona mabaki magumu ya rangi nyekundu, buluu au kijani, hiyo ni gundi ya nyuzi. Mafuta hayapenyi kwenye gundi iliyokauka; unaweza kunyunyizia mwezi mzima. Ile ya kawaida inashindwa na spana na nguvu ya mkono. Ile ya nguvu, ambayo mara nyingi ni nyekundu, inataka joto la karibu digrii 250, na ifunguliwe ingali moto.

Ukiona unga mweupe, bolti ya chuma iko ndani ya alumini, na ni alumini iliyooza, si chuma. Hapa joto linashinda mafuta, kwa kuwa alumini hupanuka karibu mara mbili ya chuma kwa joto lilelile. Lakini alumini haitoi rangi kabla ya kuyeyuka kama chuma kinavyofanya, kwa hiyo zungusha tochi, usiitulize mahali pamoja. Kama hujawahi kufanya kazi hiyo, mpe anayeijua.

"Bolti na nati vinazunguka pamoja"

Hujashika upande wa pili. Kama kichwa hakifikiki, kibane kwa tindo iliyopigiliwa kati ya kichwa na ukuta, au kata nati. Nati haina thamani. Ikate kwa grenda upande mmoja tu, karibu ufikie nyuzi, kisha ifungue kwa tindo. Mafuta ya kupenya yawe yamefutwa, cheche za grenda zinayawasha.

"Imekatika"

Kama imebaki ncha nje, una bahati: koleo, au nati ya kuchomelea. Ikiwa imekatikia usawa wa uso, piga alama katikati kabisa kwa senta panchi, ule msumari mgumu wa kutia alama, uanze na biti nyembamba. Biti za mkono wa kushoto, zinazotoboa zikizunguka upande wa kufungulia, ukiweza kuzipata, ni bora. Wakati mwingine bolti inatoka yenyewe unapotoboa. Ile skrubu ya kutolea bolti zilizokatika ni chuma kigumu sana. Ikivunjikia ndani, biti ya kawaida haitaitoboa, na utakuwa na matatizo mawili kwenye tundu moja. Ukiisikia inanyumbuka, acha. Tundu lililotoboka kando kwenye silinda hedi au sehemu ya breki ni kazi ya karakana yenye mashine.

Mahali ambapo mafuta hayaingii kabisa

Viungio na rejeleta (vipunguza shinikizo) za mtungi wa oksijeni: usitie hata tone moja. Mafuta yakikutana na oksijeni yenye shinikizo yanaweza kuwaka yenyewe na kulipuka. Kimeshika, rudisha kwa muuzaji wa gesi.

Breki: funika diski na pedi kabla ya kunyunyizia bolti za jirani. Pedi iliyonywa mafuta haisafishwi, inabadilishwa. Raba za ndani ya breki nazo huvimba zikiguswa na mafuta ya petroli ya aina yoyote.

"Niliifungua mwaka jana, imeshika tena"

Iliporudishwa ilirudishwa kavu, au na mafuta yaleyale ya kupenya, ambayo huisha na kuacha chuma uchi. Safisha nyuzi, paka grisi ya kuzuia kushika, yenye shaba au nikeli kwa ekzosti, kidogo tu. Kumbuka nyuzi zenye grisi zinageuka kirahisi: ukitumia kipimo kilekile cha kukazia kilichoandikwa kwa nyuzi kavu, utaivuta bolti kuliko ilivyokusudiwa. Nati za magurudumu zifuate kitabu cha gari, na vingi vinataka ziwe kavu. Bolti iliyopata moto hadi kuwa nyekundu usiirudishe, hasa iliyoandikwa 8.8, 10.9 au 12.9 kichwani, namba za nguvu yake, ugumu uliotokana na joto la kiwandani umekwisha. Nunua nyingine yenye namba ileile.